Jina la Saba

Tak.

Sauti moja tu, kavu, kama jino lililogonga jino. Fundi Redio akafumbua macho gizani. Ilitoka sebuleni, kwenye redio aliyoizima kwa mkono wake na kuichomoa betri.

Tangu vita vilipokata simu, redio ile ya ridhaa, ya kupokea na kurusha sauti, aliyoiunda mwenyewe, ndiyo iliyokuwa sikio la mtaa. Mara nne ilionya kabla ya mabomu, watu wakawahi kuingia mahandakini. Na kila jioni, muuguzi wa hospitali ya ng'ambo ya mto alimsomea Fundi majina ya waliokufa, kila jina mara mbili. Naye alijibu, "Nimepokea," kisha akayapeleka mlango kwa mlango.

Wiki sita zilizopita alisomewa majina saba. Sita aliyafikisha. La saba lilikuwa la mwanawe wa kwanza, aliyekuwa ng'ambo ile ile. Akasema, "Nimepokea," akalimeza, hata mkewe asimwambie.

Tangu siku hiyo hakumwita mkewe kwa jina. Angemwitaje, na yeye, kama mtaa mzima, alimwita Mama kwa jina la kijana huyo huyo?

"Siku hizi ni mwenzangu, mwenzangu," mkewe alimtania juzi, "kama tumekutana kwenye foleni ya maji! Jina langu limekuchoma ulimi?"

Tak. Tak.

Mkewe akaketi kitandani. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, na spika ikakohoa.

"Mama, nimefika. Nifungulie."

"Mwanangu!" Akaruka, akakimbilia sebuleni.

"Usifungue!" Fundi akamfuata. "Si yeye."

"Si yeye nani? Sauti niliyoilea kwa titi langu, nisiijue?"

Mzee Saa, fundi wa saa aliyelala pale sebuleni tangu nyumba yake ilipobomolewa, alikwisha kushika shoka.

"Kidude hiki nakipasua!"

"Mzee, usiipasue!" Fundi akamzuia. "Kesho nani atatuonya?"

Shoka halikushuka. Waya wa maikrofoni uliinuka kama nyoka aliyekanyagwa, ukamzunguka mzee shingoni mara mbili, ukamvuta na kumpigiza uso mezani, tena, na tena, mpaka meno yakatawanyika sakafuni na miguu yake, iliyokuwa ikipiga mateke, ikanyooka taratibu kama ya mtu aliyeamua kulala.

Ndipo sauti nyingine ikapenya kwenye mikwaruzo. Muuguzi.

"Fundi! Huku nasikia kitu kinaongea kwa jina la saba. Ulilifikisha?"

Fundi akamtupia mkewe jicho.

"Jina likipokewa lisifikishwe, halikai tupu, kaka yangu. Jini hulivaa. Lifikishe kwa mfiwa mwenyewe, mara mbili, kama kazi yetu ilivyo. Mlango usifunguliwe kabla!"

Lakini mkewe alikwisha kulishika komeo. Ubao wa mlango ukapasuka, mkono mweusi kama kuni iliyoungua ukapenya, ukamkamata nywele, ukaanza kumvuta, na kila alipojikaza paji lake liligongwa ubaoni na damu ikamtiririkia jichoni, na nje ile sauti tamu, ya mtoto aliyetoka shule, iliendelea kubembeleza: "Karibu mama, karibu kidogo, nina baridi mama." Fundi akamkumbatia kiunoni, akakita miguu, akavuta, akahisi mifupa ya mkewe ikilia mikononi mwake.

"Mwenzangu, nisikilize..."

"Usiniite mwenzangu!" akapiga kelele. "Niite jina langu! Kwa nini huniiti?"

Akakoma ghafla. Akamgeukia kwa kadiri nywele zilivyomruhusu, akamtazama kwa jicho moja lisilo na damu.

"Baba," akanong'ona, "kwa nini huniiti?"

Midomo ya Fundi ilikuwa mizito kama jiwe la kusagia. Alijua neno hili litamuua moyo mkewe, na lisiposemwa, mlango utamuua.

Akamwita. Mama, akasema, na jina la mtoto likafuata, zima, kama zamani. Mkono mweusi ukalegea kwenye nywele.

Akavuta pumzi. Akatanguliza neno marehemu, akalisema jina la mwanawe mara ya pili, na mkono ukaziachia nywele.