Alivaa Yunifomu Yangu Nikiwa Nimelala

"Mimi ndiye Sister Asenath. Geuka kidogo mama, nikudunge."

Nilisikia hivyo nikiwa kitandani, nikafikiri naota. Kwa sababu Sister Asenath ni mimi.

Nikasogeza pazia kidogo...

Mwanamke amevaa yunifomu yangu nyeupe. Kofia yangu. Saa yangu ameibandika kifuani. Mkononi ana sindano yangu, imejaa dawa.

Alikuwa Koki, rafiki yangu.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, msinikimbie.

Ni mwaka wa themanini na tatu. Nilikuwa nesi kwenye zahanati moja Industrial Area, wafanyakazi wakikatwa vidole na mashine wanaletwa kwetu. Nilikuwa nakaa Buruburu na mama yangu. Na majirani wakishajua wewe ni nesi, umekwisha. Unatoka zamu ya usiku, hujavua viatu, mlango unagongwa. Mtoto ana homa. Mzee anataka kupimwa presha. Mwingine amekuja na dawa yake ya kununua, anataka kudungwa tu, "ni dakika moja, sister."

Sikujua kukataa. Kazini mtu akikosa kuja, metroni, mkubwa wa manesi, alikuwa ananitazama mimi. Likizo nilikuwa naisikia kwa wengine.

Siku hizi uchovu kama huo mna jina lake la Kizungu, burnout, na mnalisema bila aibu. Sisi tulikuwa tunaita uvivu, kwa hivyo tulinyamaza.

Nikafika mahali nalia nikifunga kamba za viatu.

Koki ndiye aliniona. Alikuwa msafishaji pale zahanati, tukinywa chai pamoja. Alikuwa amepanga chumba Dandora, akakigawa kwa pazia.

"Alhamisi asubuhi ukitoka kazini kuja ulale kwangu," akaniambia. "Huku hakuna anayekujua."

"Na mama?"

"Si umwambie umeongezewa zamu."

Nikamdanganya mama yangu, nikaenda. Wiki baada ya wiki. Natundika yunifomu kwa msumari, nalala fofofo mpaka alasiri. Kwa huo usingizi nilimpenda Koki kuliko ndugu wa tumbo moja.

Kumbe nikilala, yeye anavaa.

Basi turudi pale kwa pazia.

"Koki!"

Akashtuka. Mlango ulikuwa wazi, na nje benchi imejaa watu wanangoja.

"Unafanya nini?"

"Punguza sauti, watasikia. Si ulikuwa umelala? Sikutaka kukusumbua."

"Nani alikufunza kudunga?"

"Wewe. Nikipiga deki si nilikuwa nakuona?"

"Na hiyo ni dawa gani?"

"Penisilini. Ndiyo nawapa wote, shilingi tano tano."

Wote! Wa kikohozi, wa kidonda, wa kiuno. Kwa jina langu. Mtu akifa pale, nani angefungwa?

Yule mama aliyekuwa kwenye stuli, mgongo kwangu, akakohoa.

Kikohozi hicho nilikijua...

Akageuka. Mama yangu mzazi.

Mama yangu hapatani na penisilini. Nikiwa shule alidungwa mara moja, akavimba uso, akashindwa kupumua, nusura tumzike. Nikampokonya Koki ile sindano nikaitupa kwenye beseni.

"Mama, umefuata nini huku?"

"Kina mama wa kanisani wanasema kuna Sister Asenath Dandora, kila Alhamisi, anaongea na watu vizuri. Nikasema huyo ni binti yangu. Nikaja nimwone."

"Lakini ulipofika uliona si mimi."

"Niliona. Nikadhani ni Asenath mwingine."

"Na ukakubali akudunge?"

Akajifunga leso yake vizuri. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniumiza.

"Aliniuliza nimekula nini. Akaniuliza kikohozi kilianza lini. Wewe tunakaa nyumba moja, hujaniuliza."

Nilimvua Koki ile kofia, nikamshika mama mkono, tukapita katikati ya wale watu wa benchi. Wakawa wananiuliza mimi ni nani.

Nikampeleka hospitali apimwe: kilikuwa kifua kikuu. Mimi, nesi, nilikuwa nakisikia ng'ambo ya ukuta kila siku, nageukia upande mwingine nalala.

Nikaenda kwa metroni.

"Nataka likizo yangu."

"Unaumwa?"

"Nimechoka."

Neno dogo hivyo, na lilinitoka kwa taabu. Alinitazama sana, kisha akanipa. Mama alihitaji kudungwa kila siku, dawa ya kweli sasa, na nilimdunga mwenyewe, polepole, tukipiga hadithi. Alipona. Mlango ukigongwa, mama ndiye alikuwa anajibu: "Sister amelala, nendeni hospitali." Na walikuwa wanaenda! Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amewaambia.

Koki alikuja na pakiti ya sukari kuomba msamaha. Sikumfungulia. Najua mtasema alinipa kitanda wakati hakuna mwingine aliyenipa. Ni kweli. Kisha akauza jina langu nikiwa juu ya hicho kitanda, na karibu aniulie mama. Mpaka leo sijamsamehe, msinibembeleze.

Wewe nesi unayesoma hii ukiwa zamu ya pili mfululizo, sema umechoka. Sema kwa sauti, kazini na nyumbani. Ukinyamaza, wagonjwa wanakumaliza na mama yako anapewa makombo.

Nenda kalale. Lakini lala kwako, watu wako wakijua umelala.