Joto la Gia Boksi

Kila asubuhi Kidole alikaa kiti cha mbele cha gari la mama yake, simu mkononi. Walimwita Kidole kwa sababu tangu utotoni hakuna kitufe kilichompita bila kubonyezwa: redio, pasi, hata kengele za milango ya watu. Sasa alikuwa darasa la sita, na mama yake, dereva wa gari la watoto wa chekechea, alikuwa amempa kazi ya maana: kuangalia namba.

Namba hizo zilitoka kwenye kifaa kidogo ambacho mjomba wake, fundi magari, alikichomeka chini ya usukani. Kifaa kilisoma kompyuta ya gari na kupeleka habari kwenye programu ya simu. Joto la maji ya injini lilionekana lenyewe. Joto la oili ya gia boksi halikuwemo, kwa hiyo Mjomba aliliongeza kwa mkono, akaandika na hesabu ya kugeuza namba ya kihisi cha joto kuwa nyuzi za joto.

"Likizidi mia na ishirini, simu italia," alisema. "Ikilia, nipigieni."

Siku moja, wakipanda mlima wa kwenda shuleni, ikalia. Tii! Tii! Watoto nyuma wakaifanya wimbo.

"Jioni nikumbushe nimpigie kaka," Mama alisema.

Jioni, Mama akiosha gari, Kidole aliifungua programu. Joto la maji lilikuwa sawa tangu asubuhi. "Maji yako sawa, basi hesabu ya Mjomba ndiyo mbovu," akajiambia. Mwisho wa ile hesabu akaongeza: gawa kwa mbili. Namba ikashuka, ikawa ya kupendeza.

"Mama, nimeitengeneza! Ilikuwa hesabu tu."

"Umeongea na mjomba wako?"

"Ndiyo." Neno lilimtoka kabla hajalifikiria.

Kesho yake simu ilikaa kimya. Mama aliendesha huku akipiga mluzi. "Kumbe nina fundi nyumbani na sina habari!" alisema.

Kidole hakucheka. Gari lilikuwa limeanza kupanda, na namba ilisoma sitini na mbili. Kichwani mwake aliizidisha mara mbili. Ikawa mia na ishirini na nne. Kisha akasikia harufu kama ya plastiki iliyosahauliwa karibu na moto. Injini ilinguruma kwa nguvu, lakini gari lilikwenda polepole kuliko kelele zake. Mbele yao kulikuwa na kona kali, na upande wa kushoto wa kona hiyo hapakuwa na kitu ila bonde. Nyuma, watoto waliimba tu.

Sabini.

"Mama, simama."

"Unataka kutapika?"

"Namba ni ya uongo. Niliigawa. Sikuongea na Mjomba. Ni mia na arobaini, Mama! Simama!"

Mama alikata usukani papo hapo. Aliliingiza gari kwenye uwanja tambarare wa karakana ya seremala, akavuta breki ya mkono, akazima injini. "Haya wanangu, wote chini. Shikaneni mikono." Moshi mwembamba ulikuwa ukifuka kutoka chini ya gari. Seremala alikuja mbio na magogo, akayasukuma nyuma ya magurudumu.

Mama alimpigia Mjomba, akaiweka simu kwenye spika.

"Gari limezimwa? Vizuri. Washa swichi tu, injini usiiwashe. Kidole, nisomee hesabu yote."

Kidole alisoma yote hadi mwisho.

"Hiyo ya kugawa si yangu. Ifute, hifadhi. Inasemaje?"

"Mia na thelathini na nane."

"Na maji?"

"Tisini na mbili."

"Maji na oili ya gia boksi kila kimoja kina njia yake, mwanangu. Kimoja kinaweza kuwa salama huku kingine kinaungua. Nakuja."

Gari jingine liliwachukua watoto. Mjomba alifika kwa pikipiki, akaingia uvunguni, akatoka na oili hadi kiwikoni. "Mpira wa kupitisha oili umepasuka, oili imekwisha," alimwambia dada yake kwa sauti ya chini. "Mngefika kwenye kona, gia zingeteleza. Gari lingerudi kinyumenyume."

Kidole alisikia. Akilini aliwaona watoto wale wakiimba, akaliona bonde. Alikaa chini kwenye maranda ya mbao akalia.

Gari lilipotengenezwa, Mjomba alimwita asubuhi na mapema kabla injini haijawashwa. "Soma."

"Maji ishirini na mbili. Gia boksi ishirini na tatu."

"Gari likilala usiku kucha, namba zote hukaribiana. Hivyo ndivyo hesabu inavyopimwa. Wewe hukupima, ulinyamazisha."

Mama alimshika bega. "Hesabu mtu yeyote anaweza kukosea. Kilichoniogopesha ni ile 'ndiyo' yako. Niliwapandisha watoto wa watu mlimani nikiliamini neno lako. Usipojua, sema hujui. Ukikosea, sema mapema, hata kama unajua nitakasirika. Hasira yangu hupoa. Lile bonde lisingemrudisha mtu."

"Ndiyo, Mama," Kidole alisema, na safari hii alilifikiria neno kabla ya kulitoa.

Mama akampa simu. "Haya, panda. Lakini leo namba zote unisomee kwa sauti."