Dakika ya Nane

ALHAMISI, SAA KUMI JIONI

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka oili. Garland alifunga mlango. Mwanamke wake, Odessa, alikaa juu ya tairi akila karanga za kuchemsha. Lonnie Pruitt alibaki wima. Ilikuwa wiki ya tatu tangu atoke jela, na kukaa kulikuwa bado kunamshinda.

"Duka la kubadilisha hundi, mkabala na kiwanda chenu cha kuku," Garland alisema. "Kesho mshahara. Mzee anafungua saa moja, mzigo wa pesa uko mezani. Wewe unaingia, mimi naendesha."

"Saa moja natakiwa kazini, shemeji. Kadi yangu ya saa za kazi inasomwa na afisa wa kifungo cha nje. Nikichelewa tu, narudi ndani."

Binti yake Maybelle ana miaka minne. Akirudi ndani safari hii, atatoka amkute bibi harusi.

"Mwambie, Odessa."

Odessa alikuwa zamu ya usiku, upande wa kupasua kuku. "Mashine ya kadi inahesabu kwa robo saa tu. Ukigonga dakika ya saba, inaandika saa moja kamili. Ukigonga ya nane, inakuandika saa moja na robo. Una dakika saba ambazo karatasi haizijui."

"Na foleni?"

"Foleni gani? Sisi wa usiku tunakuwa tumeshaondoka."

IJUMAA, SAA MOJA KAMILI ASUBUHI

Soksi usoni. Bastola mkononi. Mzee wa duka hakubisha. Mfuko ukajaa.

SAA MOJA NA DAKIKA TANO

Garland alisimamisha gari kwenye geti la nyuma la kiwanda. "Acha mfuko. Acha chuma. Kimbia."

Hakumtazama usoni. Lonnie aliliona hilo, akalipuuza. Undugu ni undugu, na Garland alikuwa kaka wa mkewe.

SAA MOJA NA DAKIKA SITA

Ukumbi ulijaa watu. Zamu nzima ya usiku, aproni begani, foleni hadi mlangoni. Wanapiga soga. Hakuna anayegonga kadi.

"Mnangoja nini?" Lonnie alimuuliza mzee wa mwisho.

"Ya nane, mwanangu. Ukitoka ya saba, umewafanyia kazi bure. Ya nane unalipwa robo nzima. Kila asubuhi ndiyo zetu. Kwani wewe mgeni?"

Alipenya kwa mabega huku watu wakimtukana. Mbele kabisa, kiganja kikiwa kimeziba mdomo wa mashine, alisimama Odessa.

"Niachie nigonge."

"Foleni ni foleni, Lonnie." Kisha akashusha sauti. "Polisi lazima wapate mtu. Garland kasema bora mwenye rekodi, na jina lako wameshapewa."

"Nina mtoto, dada."

"Najua."

Lonnie akamkamata kifundo cha mkono. Wanaume wawili wakamvuta nyuma.

SAA MOJA NA DAKIKA NANE

Odessa aligonga kadi yake, akaondoka bila kugeuka. Foleni ikachangamka kama watu wanaotoka kanisani. Lonnie akaachiwa, naye akagonga. Mashine ikaandika saa moja na robo.

Msimamizi wa zamu aliichukua kadi. King'ora kilikuwa kinalia ng'ambo ya barabara.

"Robo saa nzima, Pruitt. Ulikuwa wapi?"

"Dakika nane, bosi. Nane tu."

"Huku kwetu hakuna dakika nane," msimamizi alisema, na kwenda kuwafungulia polisi waliokuwa wamefika getini.