Mistari Mitatu Mlangoni

Mstari wa kwanza ulionekana Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa fleti namba nne, ghorofa ya kwanza, kimo cha bega la mtu mzima. Ulikuwa mstari mmoja wa chaki nyeupe, wima, urefu wa kidole. Mke wa karani aliuona alipotoka kumwaga takataka. Akaufuta kwa kitambaa cha jikoni, akarudi ndani, akausahau.

Mumewe hakuambiwa. Angeambiwa angeuelewa papo hapo, maana kuchora mistari ile ilikuwa kazi yake.

Alikuwa karani wa halmashauri, idara ya nyumba, na watu walimwita Chaki. Halmashauri ilipoamua kuvunja mtaa wa zamani wa mabati nyuma ya soko na kujenga nyumba za bei nafuu, ilimtuma Chaki kuhesabu kaya. Utaratibu ulikuwa rahisi. Unabisha hodi. Akitoka mtu, unaandika jina lake kwenye fomu, na kaya yake itapewa fleti. Asipotoka mtu, unachora mstari mmoja wa chaki mlangoni na kurudi siku nyingine. Mistari ikifika mitatu, yaani umekuja siku tatu tofauti bila kujibiwa, ndipo unaandika "Hakuna mtu", na nyumba ile inahesabiwa kuwa tupu.

Chaki, Mungu amsamehe na atusamehe sisi tuliofanya naye kazi, alizoea kuchora mistari yote mitatu kwa mara moja. Ofisini tulijua. Tulikuwa tukimtania wakati wa chai, "Leo umefunga milango mingapi, Chaki?" naye anaonyesha vidole vyeupe, tunacheka. Jua lilikuwa kali na fomu zilikuwa nyingi. Tulijitetea hivyo, na siku hizo ilitosha.

Majengo yalipokamilika na kila kaya iliyoandikwa ikapata fleti yake, zilizobaki waligawiwa watumishi. Chaki akapata namba nne. Akahamia na mkewe na mama yake mzazi, ambaye alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona. Mama huyo kutoka kitandani hadi mlangoni alitumia muda wa birika la chai kuchemka.

Kila Jumatatu saa nne alikuja muuguzi wa zahanati kumfunga kidonda. Jumatatu ile hakuja. Mchana mke wa Chaki akampigia simu.

"Dada, mbona leo umetutupa?"

"Mimi? Nimekuja, nimebisha hodi mpaka mkono ukaniuma. Hakuna mtu."

"Hakuna mtu vipi? Mimi nilikuwa nafua, mama yuko kitandani, na mlango nimeuacha wazi."

"Shemeji, ule mlango ulikuwa umefungwa. Nilipochungulia dirisha la kando ya mlango nikaona vyumba vitupu. Hata pazia hakuna."

"Basi umepotea ghorofa. Ukiona vyumba vitupu ujue ni kwa yule mwalimu wa juu, bado hajanunua hata kiti."

Wakacheka, ila muuguzi alicheka kidogo tu.

Jumatano Chaki alirudi nyumbani kula, akakuta mistari miwili. Alisimama mbele yake na funguo mkononi. Akajiambia ni watoto. Akaifuta kwa kiganja, akaingia, na kabla hajavua viatu pua yake ikapata harufu mbili pamoja, vumbi la chaki na ile dawa ya kuchua viungo wanayojipaka wazee, inayowasha macho. Akaketi, akavuta sahani. Ndipo akaisikia fimbo. Ko. Kisha kimya cha mtu anayevuta mguu. Ko. Ilitoka chumba cha ndani ikija taratibu kuelekea mlangoni, hatua kwa hatua, na ilipokaribia kizingiti ikakoma.

Akaenda chumbani kwa mama yake. "Mama, umeinuka?"

"Niinuke na mguu gani, mwanangu? Nilidhani ni wewe umeniletea mkongojo, unaujaribu."

"Hapana, mama."

"Basi nani anatembea humu tangu asubuhi?"

Alirudi mezani akakisukuma chakula. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo, na majirani wawili wa ghorofa ya juu walikuwa wakipanda ngazi. Akawasalimu. Hawakuitikia. Mmoja wao alitupa jicho ndani ya fleti, likampita mke wa Chaki mwilini kama linavyopita dirisha, akamwambia mwenzake, "Hawa wamehama lini? Na sisi tunabanana watu watatu chumba kimoja."

Beseni likamponyoka.

Ijumaa Chaki alitoka msikitini moja kwa moja hadi nyumbani, na mistari ilikuwa mitatu, mipya, imenyooka, imelala kidogo upande uleule unaolalia mkono wake mwenyewe anapochora, na alipousukuma mlango akamkuta mkewe ameketi sakafuni nje ya chumba cha mama akiwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na alipoingia chumbani akaona kitanda, akaona shuka, akaona mto wenye shimo la kichwa na godoro lililodidimia kwa uzito wa mtu aliyelala ubavu, na bandeji ya mguu ikining'inia hewani shubiri moja juu ya shuka bila mguu wowote ndani yake, na kutoka kwenye mto ule mtupu ikamjia sauti ya mama yake, ndogo, ya mbali, kama ya mtu anayeita kutoka nyumba ya nne.

"Mwanangu, mbona mnanipita? Niko hapa. Kiu imenishika na mkeo ananitazama tu."

Alipapasa. Mkono wake ukashika mkono wa mama, joto, mifupa yake ileile, ila macho hayakuona kitu. Na alipoubana akahisi unapungua, kama sabuni inavyoisha ndani ya maji.

Alasiri wakamleta fundi cherehani wa barabara ya pili, mtu wa visomo anayejulikana. Alikuja na kitabu chake ndani ya mfuko wa nailoni, sindano bado imechomekwa kwenye kola ya shati. Akasoma kwa muda mrefu. Ko, ikajibu fimbo ndani ya ukuta. Akasoma tena, akapuliza, akauliza, "Wewe ni nani, na umeingia humu kwa njia gani?"

Mke wa Chaki ndiye aliyejibu, lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito na tulivu, ya mtu asiye na haraka.

"Sikuingia, mzee. Niliandikiwa. Nilikuwa naishi darini kwa yule bibi wa nyumba arobaini na saba, tunaheshimiana, chini ni kwake, juu ni kwangu. Huyu akaja akaandika kwamba hapana mtu. Nyumba isiyo na mtu ni yetu sisi majini, mnajua. Nikateremka, nikaimiliki, pamoja na mlio wa fimbo yake na harufu ya dawa yake. Kisha mkaivunja. Kila aliyevunjiwa amepewa pa kukaa. Mimi nimepewa hapa, na hapa pia nahesabu kama nilivyoona pakihesabiwa."

Fundi alifunga kitabu. "Karani, jini mvamizi namtoa. Huyu ana barua ya halmashauri. Nimtoe kwa lipi? Iliandikwa nini kuhusu nyumba hiyo?"

Chaki alikuwa akitazama vidole vyake. "Nilikosea kuhesabu," akasema.

Ko, ikagonga fimbo, karibu zaidi. Bandeji ikateremka kitandani, na pale godoro lilipokuwa limedidimia likaanza kuinuka.

"Umesema nusu," fundi akamwambia kwa sauti ya chini. "Sema yote, bwana. Mama yako anaisha."

Hapo ndipo alipopiga magoti. Na kilichomwumiza, alituambia baadaye, ni kwamba alimwogopa jini kidogo kuliko alivyoogopa kusikiwa na mama yake.

"Ilikuwa Ijumaa," akasema. "Fomu zilitakiwa kabla ofisi haijafungwa. Nilibisha hodi. Nikasikia mkongojo unakuja. Nilijua ni yule bibi, Bi Mkongojo, watoto wote walimjua. Nilimsikia anasema, 'Nakuja, baba, nakuja.' Nikaona atachelewa. Nikachora mitatu, nikaandika, nikaondoka."

Mama akauliza kutoka mbali alikokuwa, "Ulimsikia?"

"Nilimsikia, mama."

"Ulikuwa umebakiza nyumba ngapi?"

Alifuta uso kwa mkono wa kanzu. "Ilikuwa ya mwisho."

Godoro likaacha kuinuka.

Jumatatu kamati ya nyumba ilikaa. Tulikuwa tumejipanga kwa ajili ya mtaa unaofuata, ramani ukutani, maji ya chupa mezani. Chaki akasimama bila kuitwa, akayasema yote mbele ya madiwani, tangu mstari wa kwanza hadi ile "nakuja, baba". Mwenyekiti alimsikiliza akizungusha kalamu.

"Karani, ile fomu imeshafungwa. Nyumba yenyewe haipo. Unataka turekebishe nini?"

"Andikeni kwamba alikuwepo mtu."

"Tukifungua moja, zitafunguliwa ngapi?" Mwenyekiti alitutazama sisi makarani, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeinua macho. Nami niliangalia kifuniko cha chupa yangu. "Kaa chini, bwana."

"Basi ichukueni namba nne mumpe yule bibi."

Hilo halikuwa na ugumu. Kubadilisha jina la mpangaji kulihitaji sahihi moja.

Bi Mkongojo alikuwa akiishi kwa mtoto wa dada yake, kwenye stoo ya jiko, kati ya magunia ya mkaa. Chaki alibisha hodi. Akasikia mkongojo ukianza safari. Ko. Akasubiri. Jasho lilimtoka, mtu wa jirani akamwuliza kama anaumwa, yeye akasubiri tu, mpaka kitasa kikazunguka.

Bibi alimtazama kwa muda. "Mbona leo umengoja?"

Chaki alivua kofia yake.

"Siku ile nilifika," bibi akaendelea. "Nilikuona mgongo. Nikasema labda kaitwa, atarudi. Nikakaa mlangoni mpaka giza. Kesho yake pia nikakaa, nikiogopa kwenda hata msalani usije ukanikosa."

"Nisamehe, bibi."

"Nishike mkono kwanza. Ya kusamehe nitayafikiria njiani, na njia ni ndefu, unaniona ninavyotembea."

Walipofika ghorofa ya kwanza bibi alisimama mbele ya namba nne, akaifuta ile mistari kwa mkono wa gauni lake, mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha akabisha hodi, ijapokuwa ufunguo alikuwa nao yeye. Ndani fimbo ikagonga mara moja, juu, darini. Bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyeitikiwa salamu. "Haya, na wewe umefika," akasema, akavuka kizingiti.

Na kutoka chumba cha ndani mama yake Chaki akaita kwa sauti yake kamili, "Nani huyo? Mwambieni aketi, nakuja." Walipoingia wakamwona amekaa ukingoni mwa kitanda, amekonda, anatafuta ndala kwa ule mguu usio na kidonda.

Chaki na watu wake walihamia chumba kimoja cha kupanga, choo cha nje. Mama yake anamsemesha, anakula naye, anamwombea. Ila Chaki akiingia chumbani, mama humwuliza, kwa upole, "Umeniona?" Naye hujibu, "Nimekuona, mama." Humwuliza hivyo kila siku.

Kazini hawakumfukuza. Walimpa mtaa uliofuata. Na huko ndiko tulikojua kwamba lile jambo halikumwacha lote. Kuna nyumba moja mwisho wa mtaa ule, haina paa, mti umeota sebuleni, kila mtu anajua imehamwa miaka mingi. Nilimkuta hapo saa nane mchana, fomu kifuani, chaki mfukoni haijatolewa, sikio limeelekea kwenye mbao zilizooza.

"Chaki," nikamwambia, "twende. Hii ni tupu, hata kupitia mlangoni unaona mpaka upande wa pili."

Akanyanyua kidole ninyamaze. "Subiri," akasema. "Kuna mtu anakuja."

Nilitaka kucheka kama zamani. Lakini nilikuwa nimesimama karibu naye mno, harufu ya ile dawa ya kuchua ikanipanda puani, na kutoka nyuma ya ule mti, polepole, mara moja, kisha kimya cha mguu unaovutwa, kisha tena, nikaisikia ile fimbo.

Nilimwacha akingoja, Mungu anisamehe. Mimi nilikuwa na fomu zangu.