Pipa Wazi na Kipaza Sauti

Kila Jumamosi Kiroboto alikuwa na kazi moja katika nyumba ya ibada: kusugua pipa la maji ya kunywa, kulijaza na kulifunika kabla wenzake hawajaja darasani. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa kuwa msichana huyo hakutulia hata akiwa usingizini.

Jumamosi ile kamba ya kuruka ilimwita nje. Pipa akalijaza, lakini hakulisugua wala kulifunika. Aliporudi alikuta mjusi anaelea chali. Akamchota kwa kata, akamtupa, maji akayaacha yaleyale, akafyata ulimi.

Kufika jioni, watoto wa darasa lile walikuwa wakijikunja kwa maumivu ya tumbo.

Kesho yake Mhubiri alishika kipaza sauti. Waongo wa mtaani walisema sauti yake iliwahi kuangua mayai kabla ya siku zake.

"Mkate wa wale watu umewadhuru watoto wetu!" alinguruma. "Si wa rangi yetu, si wa dini yetu. Watatutakia mema lini? Mtu asinunue kwao!"

"Wale watu" ni mwokaji na familia yake. Babu wa babu yake alizikwa mtaa huohuo, na kila Jumamosi mwokaji aliwapelekea watoto wa darasa lile kikapu cha mikate, bure! Hiyo ndiyo shukrani ya punda.

Jumatatu mikate ilikaukia rafuni. Kuna mtu alikuwa amepaka tope mlango wa duka. Shuleni, binti wa mwokaji, aliyeitwa Chachu, alikuta wenzake wamemkimbia.

"Msimguse! Atawapa tumbo!"

Kiroboto aliruka juu ya dawati alilokaa na Chachu siku zote. "Nyie mna akili kweli? Yeye anakula mkate uleule kila siku, mbona mzima?"

Chachu hakuinua macho. "Baba anasema tutahama. Leo amekanda unga kidogo tu, akakaa chini."

"Mhubiri ni mwongo!"

"Sasa kilichowaumiza ni nini?"

Kiroboto alimkumbuka mjusi. Hasira yake yote kwa Mhubiri ilimgeukia mwenyewe. Uongo ule ulikuwa umesimama juu ya kimya chake.

Alikimbia nyumbani, akamweleza bibi yake yote, mjusi na kamba. Bibi hakumpiga. Alisema tu, "Vaa viatu."

Mhubiri aliwasikiliza ofisini kwake, akakohoa. "Ni bahati mbaya. Jioni nitapita kwa mwokaji nimwombe radhi kimyakimya. Kiongozi akirudisha maneno yake hadharani, nani atamheshimu?"

"Mwanangu," Bibi alisema, "mimi nimekufuta kamasi kabla hujaota meno. Utukane kwa kipaza sauti, halafu radhi uinong'one? Nani aliupima mkate ule? Uliangalia rangi ya mkono ulioukanda, basi! Mtoto huyu amekiri kosa lake. Wewe mwenye ndevu unaogopa nini?"

Mhubiri alijifuta jasho. Kisha akainuka, akawasha kipaza sauti.

"Mkate haukuwa na kosa. Maji yetu wenyewe yalikuwa machafu. Nilisema bila kuchunguza, nikawatukana jirani zetu kwa rangi na dini yao. Nimekosa."

Mtaa mzima ulimsikia. Mhubiri akachukua ndoo na kitambaa, akaenda kusugua tope mlangoni kwa mkono wake. Kiroboto alisugua kando yake, akawaomba Chachu na baba yake msamaha.

Mwokaji alitoka, akaukagua mlango. "Radhi nimeipokea," alisema. "Ila kuanzia sasa kikapu utakuja kukichukua mwenyewe, Mhubiri. Nacho ni kizito."

Chachu akacheka, mara ya kwanza siku hiyo.

Njiani kurudi, Bibi alimshika Kiroboto mkono. "Ukiacha pipa wazi, unaumiza darasa. Kiongozi akiacha kinywa chake wazi, anaumiza mtaa. Na anayeijua kweli akanyamaza, mjukuu wangu, huyo ndiye anayemshikia kipaza sauti."