Mama Alazwa Kifudifudi

Malori yalikuwa yamejazana mpakani Busia, honi zinalia, bodaboda zinajipenyeza katikati. Kevina, muuguzi mzaliwa wa Petta, wilayani Tororo, Uganda, alikuwa akivuka mbiombio pindo la gauni lake la kitenge cha manjano liliponaswa na boda, likachanika hadi pajani.

"Simama, dada, utaburutwa!" Oundo, ajenti wa forodha upande wa Kenya, alimdaka mkono. Akavua koti, akamfunga kiunoni.

"Koti nakurudishia wapi sasa?"

"Nipe namba yako, nitalifuata."

"Kumbe wewe unakamata watu kwa koti!" Kevina akacheka, akampa.

Koti hakulifuata. Alimfuata Kevina. Kila jioni simu ililia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe mbona hulali?"

"Nalalaje, na uko Tororo?"

Kisha nimonia ikamwangusha Maximilla, mama yake Oundo, akiwa kwa dada yake Tororo. Akakimbizwa hospitali ile ile anakofanya kazi Kevina, katika chumba cha wagonjwa mahututi, akawekewa mashine ya kupumulia.

Oundo alifika jasho likimtiririka. Kupitia kioo akamwona mama yake amelazwa kifudifudi, mpira wa kupumulia mdomoni, uso umevimba. Kevina alikuwa miongoni mwa waliokuwa wamemgeuza. Oundo akagonga kioo mpaka Kevina akatoka.

"Mnamlaza mama yangu kama maiti?"

"Oundo, tulia nikueleze."

"Hana pumzi, halafu mnamlalisha juu ya kifua?"

"Mapafu yake yameziba zaidi upande wa mgongo. Akilala hivi, yanafunguka. Daktari ameamua mapema. Tukingoja achoke kabisa, tunachelewa."

"Mgeuzeni alale chali!"

"Sasa hivi hapana."

"Basi mimi na wewe tumeachana. Akifa, umemuua wewe."

Kevina aligeuka. Alirudi ndani.

Oundo hakukalika. Alitembea kutoka geti hadi barabarani, akarudi, akatoka tena. Chai aliyonunua aliimwaga bila kuionja. Simu ya Kevina ilipoita, aliikata. Ilipoacha kuita, ndipo alipozidi kuitazama. Akarudi kwenye kioo.

Kevina alikuwa amepiga magoti sakafuni, kichwa kimeinamishwa chini ya uso wa Maximilla. Alimfuta mate, akaugusa mpira kuhakikisha haujapinda, akauweka mto vizuri shavuni. Mlango ulikuwa wazi kidogo.

"Mama, mtoto wako amenikasirikia," alisema polepole. "Hiyo ni yetu sisi. Wewe pumua tu."

Oundo aliegemea ukuta, akalia kama mtoto.

Oksijeni katika damu ya mama ilianza kupanda. Wakamgeuza chali, wakamrudisha kifudifudi, hivyo hivyo, hadi siku mpira ulipotolewa na Maximilla akahamishiwa wadi ya kawaida, dhaifu, sauti imekauka.

Oundo alimkuta Kevina hapo.

"Nisamehe. Niliogopa."

"Naona ndugu wengi wakiogopa. Hakuna aliyeniita muuaji." Macho yake yalikuwa mekundu. "Iliniuma, Oundo."

"Najua. Sina la kujitetea."

Kevina aligeukia kitanda cha mama. "Shika bega lake. Tunamlaza ubavu."

Wakamwinua pamoja, taratibu, nyuso zao zikakaribiana juu ya mgonjwa.

"Kevina, nataka nikuoe."

"Shikilia mama vizuri kwanza!"

Chini yao, Maximilla alifumbua jicho moja.

"Mjibu, binti yangu," alinong'ona kwa sauti ya mikwaruzo, "nipate kulala."

Kevina akaangua kicheko na machozi kwa pamoja. "Ndiyo, mama. Namjibu ndiyo."