Ngisi Hatundikwi Kama Nyama

Jina langu ni Wangeci. Ninaishi Woodley na mume wangu, Kinyanjui, na binti yetu, Mwihaki. Kinyanjui ana bucha Dagoretti. Kwetu ni nyama Jumatatu, nyama Jumanne, nyama hadi nimechoka!

Jumamosi moja asubuhi nilinunua ngisi sokoni. Kinyanjui akakunja uso.

"Huyo mdudu wa bahari utampikia nani?"

"Nitakupikia wewe. Na utakula."

"Haya, jaribu mara moja. Ukiharibu, mambo ya bahari yaishe kwa hii nyumba."

Ai! Yaishe? Kwani mimi ni mgeni humu? Nilikasirika kweli.

Sasa, kwa bucha yetu nyama hutundikwa kwa ndoano. Ikipigwa na hewa, inakuwa laini. Hayo nimeyaona miaka kumi na miwili. Basi nikamtundika ngisi dirishani, asubuhi hadi jioni. Jua likampiga.

Jioni nikamtia kwa sufuria. Uvundo ukajaa nyumba. Mwihaki akaziba pua. Kinyanjui akacheka hadi akakaa chini. Nikakamua ndimu tatu, nikaendelea kuchemsha.

Mara hodi. Alikuwa jirani yetu Ivyne, muuza samaki.

"Mama Mwihaki, ni nini inanuka hivi? Mwaga! Mwaga yote!"

"Si nimeweka ndimu? Si inachemka?"

"Ndimu inaficha harufu tu. Ngisi akikaa kwa joto anaoza haraka. Na kuna sumu haiishi hata ukichemsha. Huyu mtoto angelazwa hospitali."

Nikamwaga huku machozi yakinilenga.

"Nilisema," Kinyanjui akasema. "Imeisha."

"Haijaisha! Nimekosea kumtundika, basi. Jumamosi ijayo napika tena. Kama wewe ni mwanamume, nifungie mlango wa jikoni nisiingie."

Hakufunga.

Jumamosi Ivyne akanipeleka sokoni. "Chagua anayeng'aa," akasema. "Akinuka vibaya, mwache. Mbebe kwa barafu, mweke kwa friji, na umpike siku hiyo hiyo."

Nyumbani akanionyesha kutoa kichwa, matumbo na ule wino mweusi. Kuna pia kitu kigumu ndani, kama plastiki. Tukakitupa. Tukamkata vipande vya mviringo.

"Mafuta yawe moto sana. Akigeuka mweupe, dakika mbili hivi, toa. Ukizidisha, utatafuna raba."

Nikapakua na ugali, dania na pilipili. Mwihaki akaongeza mara mbili. Kinyanjui akala, akamaliza, akasogeza sahani kwangu.

"Si mbaya," akasema.

"Si mbaya?" Nikavuta sufuria. "Sema ni tamu, ama uende bucha ukatafune mfupa."

Akatazama sufuria. Akanitazama mimi.

"Ni tamu, Wangeci. Ni tamu sana. Sasa niongeze."

Nikamwongeza. Siku hizi kila Jumamosi tunakula ngisi, na mwenye kubeba barafu ni yeye.